Dakika Kumi na Moja

Luhende, ankara yako imefika.
Imeletwa na kijana wa pikipiki,
hakuvua hata kofia ngumu, akasema saini hapa, mama,
nikasaini, nikidhani ni barua ya chama cha kuzikana.
Kumbe ni wakili.

Miaka miwili na nusu tangu baraza la ardhi litupe zile futi nne,
miezi ishirini na moja tangu tukuzike,
ndipo Rweyongeza akakumbuka kwamba hakushiba.

Nimeisoma kando ya cherehani,
sare za watoto wa watu zikingoja vifungo.
Kuandaa kiapo, elfu themanini.
Kutoa nakala, kurasa sitini na mbili.
Sitini na mbili, Luhende!
Kesi ya ua wa minyaa na choo cha jirani?
Safari ya kukagua kiwanja: mafuta ya gari.
Kutoka stesheni hadi hapa Isevya
mtu hufika kabla jasho halijamtoka,
na siku ile alikuja kwa miguu, nilimwona,
akala karanga zangu, akaondoka na lita ya asali.
Asali haimo kwenye ankara.
Kusubiri barazani, saa tatu.
Na sisi je? Benchi lilelile,
wewe na koti la harusi ya Kazwala,
mimi na chupa ya uji mapajani.
Ya kwetu tumpelekee nani?

Nikachukua chaki ya kukatia nguo,
nikawa napiga mistari, huu hapana, huu hapana,
mpaka wa mwisho kabisa, chini, karibu na muhuri:

*Ushauri kwa simu. Tarehe tisa Aprili,
saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni.
Dakika kumi na moja.*

Tarehe kumi alfajiri
nilikufunga kidevu kwa kipande cha bitana.

Jioni ile naijua.
Ulitoka na simu, ukasimama kwenye futi nne zako,
umenipa mgongo.
Nikaita, ugali unapoa.
Ukainua kidole: subiri.
Uliporudi nikauliza, nani huyo?
Ukasema, "Mtu tu."
Ukanawa. Ukaniambia mlenda umeiva vizuri.

Miezi ishirini na moja nimeishi na huyo Mtu Tu.
Nimempima kwa kukisia, kifua, kiuno, nyonga,
nimemkatia gauni la kitambaa nisichoweza kukinunua.
Msibani nilimtafuta kati ya waliolia sana.
Shemeji yako wa Sikonge mpaka leo simsalimii,
maskini, kwa sababu tu alizimia.

Kulipokucha nikajitanda, nikaenda.
Wakili yuko Nzega, akasema Nyamizi wa mapokezi.
Nikamwambia simtaki wakili, nataka faili.
Akafungua. Karatasi moja, doa la chai,
mwandiko kama wa kuku aliyekimbizwa:
*Mteja kapiga. Nimemshauri.*
Basi.
Hakuna lingine? Hakuna, mama.

Mafuta futa, nikasema.
Nakala zilete nizihesabu.
Hayo ya kusubiri nitayasubiri na yeye mwenyewe.
Lakini simu nalipa.
Nyamizi akanitazama kama nimechanganyikiwa.
Elfu mbili kila dakika, elfu ishirini na mbili,
fedha ya vifungo, nikaihesabu juu ya meza yake
polepole, noti kwa noti,
na risiti nikaidai.
Andika vizuri, binti,
andika jina la aliyepigiwa.

Sasa ni usiku. Matembele nimeyachuma kwenye futi nne,
yako jikoni.
Yule mwanamke nimeanza kumfumua,
bega kwanza, kisha mkono.
Kesho nitakwenda Sikonge, nikipata nauli.

Ulichomuuliza wakili bado sikijui.
Nadhani ni kile choo.